Sifa za Uadimu

Furaha ni za namna nyingi, na moja katika hizo ni furaha ya mwenye ghala afunguaye mlango njaa ikiisha kupita. Watu humshukuru kwa ukarimu wake, naye huzipokea shukrani. Wala hapana aulizaye mlango ulifungwa na nani. Fikira hii hunijia kila nisomapo makaribisho ya wakusanyaji wa santuri kongwe za jazi, pale santuri iliyokuwa adimu inapotolewa upya ikaweza kusikiwa na kila mtu. Husifu uadimu wake kwanza, kisha hali ya nakala, kisha bahati ya mwenyewe aliyeikopesha. Muziki hutajwa mwisho, kama mgeni aliyechelewa karamuni akapewa kiti karibu na mlango.

Sina ugomvi na kutolewa upya kwa santuri. Naona ni katika kazi njema ziwezazo kufanywa na mtu mwenye masikio na subira. Ugomvi wangu ni na makaribisho hayo, na fikira iliyojificha ndani yake, kwamba kitu hupata thamani kwa kuwa wachache wanacho. Fikira hiyo yafaa kupingwa hadharani, hasa mbele ya wanafunzi wa fasihi, maana ugonjwa huo hauko kwa wapenzi wa jazi peke yao.

Natwaa mfano mmoja. Mwaka 2006 huko Marekani, David Sager na Doug Benson walitoa upya nyimbo zote zilizopigwa mbele ya pembe ya kurekodi mwaka 1923 na kundi la King Oliver lililoitwa Creole Jazz Band. Miongoni mwa nyimbo hizo zimo mbili, "Zulu's Ball" na "Workingman Blues", zilizokuwa pande mbili za santuri moja ya kampuni ya Gennett, nambari 5275. Kwa kadiri ijulikanavyo, nakala moja tu ya santuri hiyo imesalia duniani. Moja! Kwa mkusanyaji, neno hilo hulevya kuliko divai. Basi si ajabu kwamba santuri hiyo hutajwa kila palipo na mazungumzo ya vitu adimu, na kwamba wengi waijuao nambari yake hawawezi kukuambia koneti ya pili inafanya nini ndani yake.

Tutazame kitu chenyewe kabla ya kutazama uadimu wake. Joe Oliver, mpiga koneti kutoka Louisiana, alihamia Chicago mwaka 1918. Mwaka 1922 alimwita kijana wa New Orleans, Louis Armstrong, aje kupiga koneti ya pili ubavuni pake katika ukumbi wa Lincoln Gardens, upande wa kusini wa mji. Walikuwapo pia Johnny Dodds kwa klarineti, mdogo wake Baby Dodds kwa ngoma, Honoré Dutrey kwa tromboni, Bill Johnson kwa banjo, na Lil Hardin kwa piano. Tarehe 5 Aprili 1923 kundi hilo lilikuwa Richmond, mji mdogo wa Indiana, katika chumba cha kurekodia kilichokuwa ndani ya kiwanda cha piano cha Starr, kampuni iliyomiliki jina la Gennett. Njia ya reli ilipita karibu, na gari moshi lilipopita kazi ilibidi kusimama.

Kipaza sauti hakikuwa kimeingia katika kazi hiyo. Kurekodi kwa umeme kulianza kuenea mwaka 1925. Wapigaji walisimama mbele ya pembe kubwa, nayo ilikusanya sauti na kuitia katika sindano iliyochora nta. Ngoma kubwa ingeweza kuirusha sindano, kwa hiyo Baby Dodds alilazimika kugonga vipande vya mti. Lil Hardin alisimulia baadaye kwamba Armstrong alisogezwa nyuma, mbali na wenzake, kwa kuwa sauti ya koneti yake ilimfunika Oliver. Na kila wimbo, ambao katika dansi uliweza kuendelea kadiri wachezaji walivyotaka, ulibanwa katika dakika tatu hivi. Kwa hiyo tukisikiliza leo tunasikia kivuli cha muziki ule. Ni kivuli chenye uhai wa ajabu: koneti mbili zinakwenda pamoja kama watu wawili wanaomalizia maneno ya wenziwe, na klarineti inapanda na kushuka juu yao bila kuwakanyaga. Katika "Chimes Blues" kijana Armstrong anapiga peke yake kwa mara ya kwanza kusikiwa katika santuri.

Mwezi Oktoba wa mwaka ule ule walirudi Richmond, na hapo ndipo ilipopatikana santuri ya nakala moja. Jina la "Zulu's Ball" lakumbusha chama cha Zulu cha watu Weusi wa New Orleans, ambacho mpaka leo huandamana katika sikukuu ya Mardi Gras, na ambacho mwaka 1949 kilimvika Armstrong taji la ufalme wake wa siku moja. Hata jina la wimbo, basi, lilikuwa la umati na barabara, tena la watu wasiojulikana kwa majina. Nani angedhani kwamba wimbo huo ungeishia kuwa mali ya kabati moja?

Sasa niulize: uadimu huo ulitoka wapi? Msikilizaji mgeni aweza kudhani kwamba santuri ilifanywa chache kwa makusudi, kama sarafu ya dhahabu. Sivyo. Ilifanywa iuzwe kwa yeyote mwenye senti zake. Ikanunuliwa na watu wa kazi, ikachezwa kwa sindano za chuma zilizoila kila zilipopita, ikavunjika watoto walipoikalia, ikatupwa watu walipohama. Baada ya anguko la fedha la 1929 biashara ya santuri ilikaribia kufa. Mwaka 1942, vita vilipozuia utomvu wa wadudu wa India ambao santuri zilitengenezwa kwao, serikali ya Marekani ilipunguza sana matumizi yake, na santuri kuukuu zikawa zinarudishwa dukani zisagwe ili zipatikane mpya. Hiyo ndiyo nasaba ya uadimu. Umetokana na umaskini na uzembe na vita, pamoja na dharau ya jamii iliyoona kwamba muziki wa watu Weusi haustahili rafu katika maktaba. Tena kiwanda kile kile cha Richmond, katika miaka ile ile, kilikubali malipo ya kufyatua santuri za propaganda za Ku Klux Klan. Mashine haikubagua baina ya muziki na matusi, mradi hesabu imelipwa.

Kwa hiyo asemaye kwa majivuno, "Imebaki moja tu," anasoma hesabu ya maiti kana kwamba ni hesabu ya mapato. Uadimu wa santuri ni idadi ya nakala zilizopotea, na idadi hiyo haina sifa ndani yake. Wimbo haukuongezeka uzuri hata chembe siku nakala ya pili kutoka mwisho ilipovunjika.

Hapa wakusanyaji wana jibu, nami nitalitendea haki kwa sababu lina nguvu. Husema: "Kama si sisi, hata hiyo moja isingekuwapo. Kampuni zilitupa, maktaba zilidharau, vyuo vilicheka. Sisi tulikwenda nyumba kwa nyumba, tukafungua masanduku yenye vumbi, tukaokoa." Ni kweli. Waliotengeneza toleo la 2006 walikopa nakala bora kwa wakusanyaji, na bila mikopo hiyo kazi isingefanyika. Mtu asiyekiri jambo hili hana haki ya kulaumu lolote. Lakini kweli hiyo ina upande wa pili ambao hautajwi katika makaribisho. Zile nyumba walizopitia zilikuwa, mara nyingi, nyumba za watu Weusi maskini, na santuri zilinunuliwa kwa senti kwa wanawake wazee wasioambiwa kitu hicho kitauzwa kwa kiasi gani mjini. Na baada ya kuokolewa, santuri nyingi zilikaa kimya miaka mingi katika vyumba ambamo mgeni huruhusiwa kutazama asiguse. Kuokoa mtu majini ni jambo la sifa; kumfungia chumbani baada ya kumwokoa ni jambo lingine, nalo lahitaji jina lake.

Nisionekane kuwatia wote katika kapu moja. Katika miaka ya 1930 alikuwako New York mwenye duka, Milt Gabler, aliyeona kwamba santuri za zamani za jazi zimetoweka madukani, naye akafanya mpango na kampuni ili zifyatuliwe upya. Yeye asifiwa kwa jambo moja ambalo kwangu ni kubwa kuliko makabati yote: alichapa katika karatasi ya katikati ya santuri majina ya wapigaji wote na vyombo vyao. Kabla yake desturi ilikuwa kutaja kiongozi tu. Santuri za Gennett za 1923 zilisema King Oliver na kundi lake, basi. Lil Hardin na Baby Dodds na Dutrey walikuwa pumzi zisizo na majina. Huko Ufaransa, mwaka 1936, Charles Delaunay alitoa kitabu cha orodha ya santuri za jazi kilichojaribu kueleza nani alipiga nini na lini. Watu hawa walipenda santuri kwa mapenzi ambayo hayakuona haya kufungua mlango. Kipimo changu cha kutolewa upya ni hicho: limeongeza nini katika kusikia kwetu na katika kuwajua waliopiga?

Ajabu ni kwamba makaribisho ya wakusanyaji hayaulizi swali hilo ambalo mwanafunzi yeyote wa miswada angeliuliza kwanza. Sisi tuharirio tenzi za kale twajua kwamba mhariri asiyesema ametumia mswada gani, uko wapi, umeliwa na mchwa wapi, na ni wapi amejaza herufi kwa dhana yake, huyo amefanya kazi nusu. Santuri nayo ni mswada. Zile za zama za pembe hazikuzunguka zote kwa mwendo mmoja, ingawa tumezoea kuziita za mizunguko 78. Ukiizungusha kwa haraka mno, wimbo wapanda juu na mpigaji aonekana hodari kuliko alivyokuwa. Ukiichelewesha, furaha hugeuka matanga. Anayetoa upya lazima aamue, na uamuzi wake ni tafsiri. Vivyo hivyo katika kusafisha mikwaruzo: ukiisugua sauti kupita kiasi, pamoja na takataka huondoka pumzi ya klarineti na mlio wa kipande cha mti ambao Baby Dodds aliugonga kwa taabu ile. Haya ndiyo mambo ya kujadiliwa toleo jipya litokapo. Badala yake twaambiwa nakala ilikuwa ya nani na ilikuwa na ufa wapi. Ni kama mtu ahakikiye utenzi kwa kusifu sanduku la msaji lililouhifadhi.

Wako pia wasemao kwamba toleo jipya, hata likifanywa vizuri namna gani, si kitu halisi. Kwamba raha ya kweli ni kuishika santuri yenyewe, nzito na nyeusi, iliyoshikwa na mtu wa 1923. Sikatai raha hiyo. Nami napenda harufu ya kitabu cha kale. Lakini raha ya mkono isijivike vazi la maarifa. Kwa Oliver kitu halisi kilikuwa usiku wa Lincoln Gardens, nao haurudi kwa yeyote, awe na santuri au asiwe nayo.

Na Oliver mwenyewe? Ningependa jambo hili liandikwe penye kila makaribisho. Kundi lake lilivunjika upesi, na kwa masimulizi ya Lil Hardin fedha zilikuwa katika sababu: wenzake walimshuku kuwa anawapunja. Sisemi haya ili kumchafua. Nataka kuonyesha kwamba hata wao kwa wao riziki ilikuwa ndogo ya kugombewa. Baadaye meno na ufizi vikamharibikia, na mpiga koneti asiye na meno ni kama baharia asiye na tanga. Akaishia Savannah, Georgia, akiuza matunda na mboga, kisha akifagia ukumbi wa mchezo wa meza. Armstrong, aliyekuwa amekwisha kuwa maarufu, alimkuta huko akisimama penye biashara yake ndogo. Akafa mwaka 1938. Dada yake aliuleta mwili New York ukazikwa makaburi ya Woodlawn, na fedha za kuweka jiwe hazikupatikana.

Yaweke haya kando ya sheria. Kwa sheria ya Marekani iliyopitishwa mwaka 2018, sauti zilizorekodiwa na kutolewa mwaka 1923 zimekuwa mali ya watu wote tangu tarehe 1 Januari 2024. Yaani kwa karne nzima sauti ile iliweza kuzuiliwa, na katika karne hiyo aliyeipuliza alipata miaka kumi na mitano tu ya kuishi, mingi yake ya dhiki. Mlango wa sheria sasa umefunguka. Uliobaki ni ule wa kabati. Mtu mwenye nakala ya pekee ya santuri ya zama hizo hana tena kisingizio cha kampuni wala wakili. Akinyima, ananyima kwa hiari yake. Nashangaa kwamba makaribisho niliyoyasoma hayakumwambia hivyo hata mmoja.

Msomaji aweza kuuliza mwalimu wa Kiswahili ameingiaje katika ugomvi wa Chicago na Indiana. Nimeingia kwa mlango wa nyumba yangu. Mwaka 1928, miaka mitano baada ya Oliver kwenda Richmond, Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja mpaka Bombay na kundi lake, wakaimba na kupiga, na sauti yao ikatiwa katika santuri za utomvu ule ule wa India. Ziliuzwa pwani yetu yote, zikachezwa zikalika, zikavunjika kama zile za Gennett. Wasifu wa mwanamke huyo tumeandikiwa na Shaaban Robert, na wanafunzi wangu wanausoma. Wanaweza kueleza kwa ufasaha jinsi alivyotoka Fumba na jinsi alivyosifiwa. Nikiwauliza, "Sauti yake ikoje?" darasa hunyamaza. Baadhi ya nyimbo zake zimetolewa upya, si haba. Lakini ni chache kwa kadiri ya alizoziimba, na aghalabu majina ya waliopiga nyuma yake hayatajwi.

Miaka kadhaa iliyopita niliongozwa kwa bwana mmoja mwenye sanduku la santuri za kale za pwani. Simtaji, wala mji wake. Alinipokea kwa heshima, akanipa kahawa na haluwa, akafungua sanduku. Akanionyesha karatasi za katikati, moja baada ya moja, akizishika kwa leso. Nikaona maandishi, nikaona nambari. Nikamwomba tusikie moja. Akasema, "Mwalimu, zikisikiwa zitakuwa kama nyingine." Nikamwomba basi ziletwe chuoni zirekodiwe mara moja tu, kisha azirudishe kwake. Akacheka kwa upole akasema kwamba siku hiyo itafika, In shaa Allah, na kwamba ikifika dunia nzima itafurahi. Nadhani alisema kweli. Siku atakapozitoa, au warithi wake watakapozitoa, watu wataandika makaribisho. Watasifu uadimu, hali ya nakala, na uvumilivu wa mwenyewe. Nami nimeandika haya mapema ili jina langu lisije likahesabiwa miongoni mwa waliokwenda kupiga vigelegele.

Neno lake moja sikulisahau: zikisikiwa zitakuwa kama nyingine. Hapo ameeleza itikadi nzima ya uadimu kwa maneno manne, kwa ufupi ambao wakusanyaji wa Marekani hawajaufikia kwa vitabu. Kwake, kusikiwa ni hasara. Wimbo uliotungwa usikiwe hupungua kwa kusikiwa!

Muhula uliopita nilipeleka darasani toleo la 2006, kwa somo la namna sauti inavyohifadhiwa na kuhaririwa, nikawachezea wanafunzi "Dippermouth Blues" ya tarehe 6 Aprili 1923. Karibu na mwisho vyombo vinakatika ghafula, na mtu mmoja anapaza sauti ya kibinadamu katikati ya ukimya ule, kisha wote wanaingia tena kwa nguvu. Msichana mmoja aliyekaa nyuma akainua mkono akauliza ni nani aliyepiga ukelele. Niliweza kumjibu. Ni Bill Johnson, mwenye banjo. Baby Dodds alisimulia kwamba pale palikuwa pake, pa kugonga peke yake. Akasahau, na Johnson akaliziba pengo kwa sauti yake ili nta isipotee bure. Wapigaji wengine waliourudia wimbo huo miaka iliyofuata waliuhifadhi ukelele kana kwamba ulitungwa. Darasa likacheka, wakaomba nirudishe. Nikarudisha mara tatu, na mara ya tatu wakapiga ukelele pamoja naye, mpaka mwenzangu wa chumba cha pili akaja kugonga mlango.